Mlango Unapojifunga Wenyewe

Jumamosi moja mwezi wa pili, saa nane mchana, mama mdogo alisimamisha gari mbele ya duka la dawa Kimara. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amelala kiti cha nyuma baada ya homa ya usiku kucha. Mama mdogo akaona asimwamshe kwa shughuli ya dakika mbili. Akaacha injini inawaka, kiyoyozi kinapuliza, ufunguo kwenye swichi. Akashuka, akafunga mlango. Kabla hajapiga hatua ya tatu akasikia tak! Loki zote nne zimeshuka, na hakuna aliyezigusa.

Nilipigiwa simu nikiwa hosteli, kana kwamba mtu akisoma uhandisi wa umeme mwaka wa tatu anakabidhiwa na funguo za magari yote ya mjini. Nilichoweza kumwambia ni kidogo: maadamu injini inawaka na kiyoyozi kinafanya kazi, mtoto ana muda, asibanduke dirishani, na injini ikizima tu asisubiri mtu, achukue jiwe apige kioo kilicho mbali na mtoto, apige kwenye pembe, siyo katikati. Gari lililofungwa vioo juani joto lake la ndani linaweza kupanda zaidi ya nyuzi 15 ndani ya nusu saa, na mwili wa mtoto mdogo hushika joto haraka kuliko wa mtu mzima. Kioo kinauzwa dukani. Bahati nzuri hakikuvunjwa. Kijana wa kuziba pancha pale jirani alipenyeza waya juu ya mlango, akahangaika kama dakika ishirini, akakinasa kitufe cha loki, akakivuta. Mtoto aliamshwa na kelele za watu, akaomba juisi.

Ndani ya wiki tatu zilizofuata mama mdogo alilipa mafundi wawili na wa tatu akamtajia bei. Wa kwanza alibadilisha mota ya loki ya mlango wa dereva, akaweka used kutoka Japani. Gari likajifunga tena siku ya nne. Wa pili alisema shida ni alamu, akafunga mpya. Likajifunga tena, safari hii usiku, nyumbani, likiwa tupu. Wa tatu alisikiliza dakika moja, akasema "kompyuta ya gari imekufa", na bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na bumu langu la semista nzima. Hapo ndipo mama mdogo aliponigeukia: "Wewe si unasoma umeme? Njoo basi uliangalie."

Aibu yake ni kwamba nilikuwa naweza kukuandikia milinganyo ya mota ya umeme ukurasa mzima, lakini sijawahi kufungua mlango wa gari hata mmoja. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa mzee mmoja fundi umeme pale Gerezani, na kwa wikiendi mbili za kupasua vidole kwenye klipu za plastiki. Nayaandika kwa sababu ukisimama getini kwetu asubuhi utaziona IST, Vitz na Passo zimepangana, nyingi zimeshatembea miaka Japani kabla hazijaja kutembea miaka mingine hapa, na nusu ya washkaji ninaowajua wana stori ya mlango unaozingua. Wengine wameshazoea kabisa: wanafungua mlango wa abiria, wanajipinda, wanamfungulia dereva kwa ndani. Mtu anaishi hivyo miaka miwili kwa hitilafu ambayo pengine ni ya waya mmoja.

Maswali ya mzee

Nilipomfikia mzee nilianza kumweleza vipuri vilivyobadilishwa. Akaninyamazisha kwa mkono. "Kijana, sijakuuliza mmenunua nini. Milango yote au mmoja? Inakataa kufunga, au inajifunga yenyewe? Na ukitumia rimoti, na ukitumia swichi ya mlangoni, na ukitumia ufunguo, majibu ni yaleyale?"

Nilijibu swali la kwanza tu. Mengine sikuwa najua, na mama mdogo naye hakuwa anajua, na wale mafundi watatu hakuna aliyemuuliza. Mzee akanirudisha nyumbani nikaangalie kwanza, hakugusa hata bisibisi. Nilinung'unika njia nzima ya daladala, ila alikuwa sahihi, na utaona kwa nini ukishajua mfumo wenyewe unavyokwenda.

Ndani ya kila mlango kuna kimota kidogo cha volti 12, kidogo kuliko kidole gumba chako, kimefungwa pamoja na gia za plastiki kwenye kasha la kitasa. Kina nyaya mbili. Vikiwa vimetulia, nyaya zote mbili ziko ethi. Ukibonyeza kufunga, waya mmoja unapewa moto kwa muda usiofika hata sekunde moja, mota inazunguka, loki inashuka. Ukibonyeza kufungua, moto unahamia waya wa pili, mota inazunguka kinyume. Ni hilo tu.

Anayetoa huo moto, kwenye gari nyingi za miaka ya 2000 kuja huku, ni kompyuta ndogo ya bodi iliyojificha chini ya dashibodi. Siyo ile ya injini. Swichi unayobonyeza mlangoni haipitishi moto wa mota. Inachofanya ni kuugusisha waya mwembamba na ethi, na kompyuta inasoma kwamba "bosi kasema funga". Rimoti inafikisha ujumbe huohuo kwa redio. Ufunguo ukizungushwa kwenye mlango wa dereva nao una kiswichi chake. Kwa hiyo kuna njia kama tatu za kutoa amri, kompyuta moja inayozisikiliza, na mota nne au tano zinazotii.

Sasa rudi kwenye maswali ya mzee. Kama mlango mmoja tu umekufa na mingine inafanya kazi, kompyuta ni nzima, fyuzi ni nzima, swichi ni nzima. Tatizo limo ndani ya mlango huo au kwenye nyaya zinazouingia. Kama yote imekufa kwa kila njia, huwezi kulaumu mota nne kwa mpigo; tafuta kitu kimoja kinachoihusu yote: fyuzi, betri, ethi, na mwisho kabisa kompyuta. Kama swichi inafanya kazi na rimoti haifanyi, milango yako haina shida yoyote, shida iko mkononi mwako. Na kama gari linajifunga lenyewe, maana yake mota zinatii vizuri sana. Kuna kitu kinatoa amri. Mama mdogo alikuwa amenunuliwa mota mpya kwa gari ambalo mota zake zilikuwa zinafanya kazi kupita kiasi!

Anza na vya bure

Kabla ya kufungua chochote, kuna mambo ya kuangalia ambayo hayana gharama. Mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani lakini kwa nje unafunguka sawasawa haujaharibika. Fungua mlango huo, angalia ubavuni karibu na kitasa, utaona kiswichi kidogo cha kuzuia watoto. Mtu kakigusa. Nimeshuhudia jamaa wa hosteli yetu akilipa fundi elfu kumi kwa kiswichi hicho, na fundi akapokea.

Rimoti nyingi hazifanyi kazi ufunguo ukiwa kwenye swichi ya kuwashia, na nyingi hukataa kufunga mlango mmoja ukiwa haujakaa vizuri. Siyo ubovu, ndivyo zilivyotengenezwa. Ila hapo kuna mtego: kama taa ya ndani haizimi hata milango yote ikiwa imefungwa, basi kiswichi cha mlango mmojawapo kinaidanganya kompyuta kwamba mlango uko wazi, na rimoti itagoma mpaka ukitengeneze. Vumbi na maji ya kuoshea gari hufanya hivyo.

Betri ya rimoti ni kile kidonge cha volti 3, mara nyingi CR2032 au CR2016. Fungua usome namba, maana zinatofautiana unene na ukiweka nyembamba itacheza ndani. Kama inabidi uisogelee gari kila wiki zaidi ndipo ikusikie, ni betri. Na usijaribu ule ujanja wa kuipima kwa kamera ya simu kama rimoti ya TV. Ya TV inatumia mwanga, ya gari inatumia redio. Ukinunua rimoti nyingine uliza masafa yake. Za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani ziko maeneo ya 312 hadi 315 MHz, za Ulaya nyingi ni 433, na zinaweza kufanana sura kabisa. Hazitasikilizana hata umlipe nani.

Fyuzi: kisanduku kiko chini ya dashibodi upande wa dereva au nyuma ya kidroo cha abiria, na kingine chini ya boneti. Kwenye kifuniko tafuta neno DOOR au D/L. Kifuniko kikiwa na Kijapani kitupu, piga picha utumie programu ya kutafsiri kwenye simu. Usiitazame kwa macho tu, ipime, kwa sababu fyuzi inaweza kupasuka ufa usioonekana. Rangi zina maana: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Ikiwa imeungua, weka ya rangi ileile. Ikiungua tena, kuna mahali nyaya zinagusana. Anayekuambia uweke kubwa zaidi, au azungushie waya wa fedha wa pakiti ya sigara, anakuhamishia moto kutoka kwenye fyuzi ya shilingi mia tano kwenda kwenye waya uliopita chini ya zulia la gari lako. Hapo sina utani.

Mpira kati ya mlango na bodi

Nilirudi kwa mzee na majibu kwenye daftari. Milango yote minne inatii, ila wa nyuma kushoto ni mvivu, unafunga mara moja kati ya tatu. Rimoti sawa. Ufunguo sawa. Gari linajifunga lenyewe, halijifungui lenyewe hata siku moja. Na jambo moja ambalo nilikaribia kutoliandika kwa kuona ni upuuzi: mlango wa dereva ukiwa wazi na ufunguo ukiwa kwenye swichi, mara nyingine loki zinashuka na kupanda palepale, tak-tak, kama zimebadilisha mawazo.

Mzee alicheka. Akanieleza kwamba gari nyingi za Kijapani zina kinga ya kumzuia dereva kufungia ufunguo ndani. Ufunguo ukiwa kwenye swichi na mlango wa dereva ukiwa wazi, kompyuta ikipata amri ya kufunga inafunga halafu inafungua yenyewe. Lakini mlango ukishafungwa, kinga haihusiki tena. Siku ya Kimara amri ilikuja baada ya mama mdogo kuubamiza mlango. Mtikisiko ndio ulioileta. "Kwa hiyo kompyuta yenu siyo kwamba imekufa," akasema. "Ina akili kuliko hao waliotaka kuitoa."

Akaenda moja kwa moja kwenye ule mpira uliokunjamana unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda kwenye mlango wa dereva, jirani na bawaba. Akaacha mlango nusu wazi, akaushika mpira kwa vidole viwili, akaukunja taratibu huku na huku. Tak! Milango yote ikafunga. Akaukunja tena. Tak! Wiki tatu, mota moja, alamu moja, na jibu lilikuwa pale kwenye vidole vyake kabla chai yangu haijapoa.

Fanya hesabu. Mlango wa dereva ukifunguliwa mara 10 kwa siku kwa miaka 15, ni zaidi ya mara 54,000. Kila mara nyaya zile zinakunjwa mahali palepale. Shaba ikikunjwa sana hukakamaa, kisha nyuzi zake ndogondogo zinakatika moja moja, na ganda la plastiki nalo linapasuka kwa uzee na joto. Waya ukikatika kabisa unapata mlango mfu au swichi isiyosikia. Ganda likipasuka bila waya kukatika, waya mwembamba wa amri unagusa ethi, na kwa kompyuta kugusa ethi ndiyo sauti ya mtu kubonyeza swichi. Kwetu ulikuwa waya wa kufunga. Ungekuwa wa kufungua, gari lingekuwa linajifungua usiku kwenye maegesho na tungesema tumelogwa, au tungemshuku mlinzi.

Ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza, hata kabla ya mita, ni kuukunja huo mpira huku mwenzako anabonyeza swichi. Kama tabia inabadilika kwa kukunja, umepata, na haijakugharimu kitu.

Kuunga nako kuna namna yake. Mzee hakuunga palepale ulipokatika. Alivua mpira, akakata kipande kizima chenye makovu, akaongeza waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, akaweka maungio mawili: moja ndani ya mlango, la pili ndani ya bodi, sehemu zisizokunjwa. Ukiunga kwa risasi katikati ya mkunjo, pale risasi inapoishia panakuwa pagumu na waya utakatika hapohapo baada ya miezi. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi ndiyo mbaya kuliko zote, maana gundi ya tepu inayeyuka na joto la Dar na kuteleza. Alipomaliza ule wa amri aliukagua kila waya uliobaki, akakuta mwingine wa kioo cha umeme umeshaanza kupasuka, akauunga pia. Alichukua elfu kumi na tano.

Ule mlango mvivu

Ulibaki mlango wa nyuma kushoto, na mzee akaniachia mimi. "Huo ni wa shule," alisema.

Kufungua kava la mlango kunatisha mara ya kwanza tu. Shusha pumzi, pandisha kioo juu kabisa, toa waya wa hasi wa betri. Skrubu ziko nyuma ya kitasa cha ndani na ndani ya mkono wa kuvutia mlango, mara nyingi zimefichwa na vifuniko vidogo. Ukishazitoa zote, ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa chini ya kava, vuta kwa nguvu karibu na kila klipu, si katikati. Kisha liinue juu, lichomoe. Kuna nyaya za swichi nyuma yake, usilinyofoe kwa hasira. Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Usifanye hivyo: maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku na kutokea kwenye matundu ya chini, na ile nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwenye kava, spika na zulia. Ibandue polepole, gundi itashika tena.

Rudisha betri, sasa ni kupima. Mimi nilikuja na mita ya dijitali kwa majivuno, nikaweka ncha kwenye nyaya mbili nene za plagi ya mota, nikamwambia mdogo wangu abonyeze. Namba zilirukaruka, 3, 7, kisha sifuri. Moto unakuja kwa muda mfupi sana, mita haina muda wa kusoma. Mzee anatumia balbu ndogo ya volti 12 iliyotoka kwenye taa ya gari, imechomelewa nyaya mbili. Ukibonyeza kufunga inamweka, ukibonyeza kufungua inamweka. Ikimweka kwa nguvu pande zote na mota haisogei, mota imekwisha. Isipomweka, au ikiwaka hafifu, mota haina kosa, rudi kwenye nyaya.

Na hili la "hafifu" ndilo lililonirudisha darasani kweli. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, hata moto ukiwa wa kudumu, utaonyesha volti 12 safi kwenye mita, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Weka mzigo, hata balbu, na volti zinaporomoka kwenye ule uzi mmoja. Mita inakuambia moto umefika. Balbu inakuambia moto umefika ukiwa na nguvu. Tumefanya maswali ya ukinzani mihula mitano, hakuna aliyetuambia kwamba hapo ndipo fundi hulishwa kosa.

Balbu yangu ilimweka vizuri, kwa hiyo ilikuwa mota. Unaweza kuhakikisha kwa kuchomoa plagi na kuigusisha mota kwa betri moja kwa moja, kupitia waya wenye fyuzi, kwa mguso mfupi tu. Chomoa plagi kwanza, usije ukarudisha moto kwenye kompyuta. Na angalia vizuri: kasha lina nyaya nyingine nyembamba za viswichi vinavyoiambia kompyuta loki iko juu au chini. Hizo hazitakiwi kuguswa na volti 12. Za mota ndizo nene.

Nilitoa kasha zima, nikalifungua. Ndani kimota kilikuwa kimejaa unga mweusi wa kaboni, brashi zimeliwa. Kwenye kasha nyingi za Kijapani utakuta mgongoni mwa kimota kuna namba inayoanza na FC-280, na hicho kimota kitupu kinauzwa peke yake. Maduka manne ya Kariakoo walinitazama kama nimechanganyikiwa, la tano akachomoa kwenye boksi. Pima urefu wa mhimili kabla hujalipa, na uangalie kama ni wa duara au umekatwa upande mmoja, kwa sababu gia ya zamani ndiyo utakayoihamishia. Ukikosa, used nzima kutoka kwenye gari iliyopasuliwa inafaa, ila omba muuzaji aigusishe kwa betri mbele yako, mara kumi mfululizo. Mota iliyochoka hufanya kazi mara ya kwanza na ya pili. Wa kwetu nao ulikuwa hivyo.

Kabla ya kurudisha nilisafisha kitasa kwa petroli na brashi ya meno, nikapaka grisi nyeupe kidogo. Si oili ya injini. Oili inakusanya vumbi, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na oili linakuwa msasa. Kitasa kikavu kinaifanya mota nzima ionekane mbovu. Kuna milango ambayo tiba yake ni usafi tu.

Neno moja kuhusu zile alamu na senta loki za kufungia, kwa wenye magari ambayo hayakuja na mfumo wa kiwandani. Mota zake zinauzwa kwa seti: mlango wa dereva unapewa yenye nyaya tano, ndiyo inayoongoza, mingine inapewa zenye nyaya mbili, zinafuata. Ukibadilisha ya dereva kwa ya nyaya mbili, mlango wake utatii amri lakini hautaamrisha wenzake, na utaanza kutafuta ubovu ambao umeununua mwenyewe. Na mara nyingi alamu ikizingua, tatizo ni pale fundi alipochuna waya wa gari na kusokotea wa kwake. Ile alamu ya mama mdogo tulikuta maungio sita ya namna hiyo chini ya usukani. Tumeitoa yote, rimoti ya mwanzo inatosha.

Kwa wanaosindikiza wazazi au kaka zao kununua gari, dakika tatu zinatosha. Funga na fungua kwa rimoti, kwa swichi, kwa ufunguo, kila moja mara kumi, huku umesikiliza mlango mmoja mmoja. Fungua kila mlango kwa ndani na kwa nje. Kunja mpira wa dereva. Angalia kama kava zina klipu zote, maana kava lililolegea linakuambia kuna mtu alishaingia humo ndani kabla yako, na utamuuliza muuzaji alikuwa anatafuta nini.

Tangu mwezi wa nne gari la mama mdogo halijajifunga hata mara moja, na mtoto sasa anashuka naye hata kwenye duka la vocha. Ufunguo wa akiba upo kwenye mkoba wake, umefungwa na kitambaa chekundu. Kava la mlango wa nyuma kushoto lina klipu mbili pungufu, nilizivunja mimi, na kwenye rafu linagonga. Ameshaniuliza mara tatu nitazileta lini.